Usisifu Viatu vya Abu Raad

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya madebe ya mafuta ya taa, na liko mbele ya karakana yangu, pale ngazi za mtaa wa juu zinapokutana na soko la mji wetu wa Salt. Sikuliweka kwa ajili ya wazembe. Nililiweka kwa ajili ya wateja wanaosubiri majiko yao ya kupashia nyumba joto, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Nimejifundisha mwenyewe kwa kuunguza vidole, na nikikuambia jiko limekufa, limekufa, usinizungushe. Lakini wateja hawakai. Anayekaa ni Jaji, ambaye hajawahi kuhukumu hata paka. Alikuwa akisimama mlangoni mwa mahakama akiwaita wenye kesi kwa majina mpaka alipostaafu, na sauti ile akaondoka nayo. Anakaa na Redio, dereva wa zamani wa basi la Amman, ambaye aliyemuumba alisahau kumwekea kitufe cha kuzima. Mimi wananiita Kibiriti. Sababu waulize wao, na ujue wanakudanganya. Alhamisi hiyo jua la baridi lilikuwa limetoka, lile linalong'aa kwa maringo na halipashi kitu, kahawa iko motoni, nasi tunabishana kama ngamia anaweza kuota ndoto, ndipo akaja Abu Raad muuza achari, anatembea kama kuku aliyefungwa miguu.

— Ebo! Umepigwa? Redio akamuuliza.

— Viatu vipya. Navilainisha kwa ajili ya kesho.

— Kesho kuna nini?

— Redio, usijitie hujui, nikamwambia. Wewe ndiye uliyetutangazia.

Kesho, Ijumaa baada ya Alasiri, watu wa Karak walikuwa wanarudi nyumbani kwa Abu Raad kwa ajili ya binti yake Ghaida. Wiki iliyopita walikuja mara ya kwanza, kijana Mutasim na wazazi wake, na kikao kile kilikuwa kama matanga ya marehemu asiyejulikana na mtu. Abu Raad akasema karibuni. Baba wa kijana akasema tumekaribia. Basi. Baada ya hapo wakakaa wote wanaliangalia jiko likiwaka, jiko nililolitengeneza mimi, mpaka wageni wakaaga.

— Na wakasemaje huko nje? Jaji akauliza.

Abu Raad akajibana kwenye benchi katikati ya Jaji na Redio. Mikono yake ilinukia siki, kama kawaida yake.

— Mama wa kijana kamwambia rafiki yake, rafiki kamwambia shemeji yangu, kwamba sisi ni watu wa majivuno. Eti tuliwakalia kimya makusudi. Kesho wanakuja na mzee wao mkubwa, ami yake kijana, ndiye atakayezungumza. Pakiwa kimya tena, wanamchukua mtoto wao wanakwenda kuposa kwingine.

— Na Ghaida?

— Ghaida anamtaka. Kaniambia waziwazi, mbele ya mama yake.

— Sasa wewe hujui kuongea? Sokoni si unatupasua masikio tangu asubuhi!

— Sokoni nauza achari, Jaji. Mtu akiikataa achari, hasara yake. Hapa nitamwambia nini mwanangu?

Hapo hata Redio alimpigapiga begani.

Ndipo Abu Raad akatueleza alilokuja nalo. Ghaida anafundisha ushonaji kwenye kituo cha akina mama, na kila darasa jipya huanza na mchezo mfupi wa kuwachangamsha watu wasiojuana. Dakika chache, watu wamekaa vilevile walivyokaa, hakuna anayeshinda wala anayeaibika, na mwishoni hata yule aliyekuja amenuna unamkuta anacheka na jirani yake. Kamfundisha baba yake mitatu. Kamwambia, Baba, chagua mmoja, uufungue kesho kahawa ikishamiminwa.

— Na mimi nataka nijaribu kwenu kwanza, akasema Abu Raad.

— Kwa nini kwetu?

— Kwa sababu nyinyi mkinicheka nimeshazoea.

Jibu la mtu mkweli. Nikavuta kigoda changu nikakaa mbele yao.

— Haya, mchezo wa kwanza, akasema. Kila mtu anataja jina lake, halafu anasema jambo moja ambalo wenzake hawalijui.

— Rahisi! Redio akadakia. Jina langu mnalijua. Jambo msilolijua: niliwahi kuendesha basi kutoka Amman hadi Aqaba bila kusimama hata pa kunywa maji.

— Tunalijua.

— Na kulikuwa na abiria aliyetaka kushuka Maan.

— Tunalijua.

— Analia njia nzima.

— Na alikuwa mama mkwe wako, nikasema. Hilo nalo tunalijua. Kaa kimya. Jaji, zamu yako.

Jaji akajikohoza.

— Mimi sipendi bamia.

— Mkeo alimwambia mke wangu, mke wangu akaniambia. Lingine.

— Lingine... Akafikiri. Na Jaji akifikiri huwa anafumba macho, kwa hiyo hakuona ninavyomtazama. — Lingine ni kwamba tukicheza bao, Kibiriti akigeuka kumimina kahawa, mimi husogeza kete.

Nikadhani sikusikia vizuri.

— Unasogeza nini?

— Kete. Moja tu. Siku nyingine mbili.

— Tangu lini?

— Tangu uanze kumimina kahawa.

Jamani, mimi sipendi ugomvi. Lakini miaka yote hiyo nimekuwa nikirudi nyumbani nikimwambia mke wangu kwamba akili yangu inazeeka! Nimekunywa mafuta ya habasoda kwa sababu ya yule mtu! Nilisimama, kigoda kikaanguka, Jaji akajificha nyuma ya bega la Abu Raad, na Abu Raad akanishika mikono yote miwili.

— Kibiriti! Kibiriti, ndugu yangu! Ghaida kasema hakuna anayekasirika!

— Ghaida hachezi bao na mwizi!

— Mnaona? Redio akasema, ametulia kama aliyenunua tiketi ya kutazama. Mchezo huu hatari. Kesho ukiwaambia watu wa Karak jambo moja wasilolijua, watasema, kumbe kuna la pili. Watatuma mtu kuchimba. Atachimba kwa baba yako, atachimba kwa babu yako, na babu yako, Mungu amrehemu, si ndiye aliyemuuza punda mmoja kwa watu wawili?

— Yule alikuwa babu yako wewe!

— Ndiyo maana mimi sijasema jambo jipya.

Basi mchezo wa kwanza ukafa. Nikaokota kigoda changu, nikamimina kahawa, na nikaimimina uso umemwelekea Jaji, macho kwenye mikono yake.

— Wa pili, akasema Abu Raad. Kila mtu anasema mambo matatu juu yake. Mawili ya kweli, moja la uongo. Wenzake wanakisia lipi la uongo.

Jaji akasimama. Alipokuwa mahakamani alikuwa na joho jeusi; siku hizi analo la manyoya ya kondoo, zito, la kahawia, limepambwa kifuani, na anapotaka kutoa hukumu hulikung'uta kwanza.

— Uongo? Katika kikao cha posa? Mbele ya mashahidi?

— Ni mchezo, Jaji.

— Hakuna mchezo! Baba wa binti kasema mambo matatu. Wageni wamekisia vibaya. Mara sambusa zimeletwa, watu wamesahau, kikao kimevunjika. Wameondoka wanaamini la uongo! Miaka inapita. Watoto wanazaliwa. Siku moja ukweli unatoka. Kesi! Naita: Mutasim wa Karak, dhidi ya mkwewe muuza achariii!

Aliita kwa sauti ileile ya kazini. Ghorofa ya juu mwanamke akafungua dirisha akauliza nani amekufa.

— Na watoto je? Redio akauliza, kaingiwa na wasiwasi kweli.

— Watoto watarudishwa.

— Watarudishwa wapi?

— Hilo mahakama itaamua.

— Acheni upuuzi, nikasema. Abu Raad, jaribu.

Abu Raad akakuna shingo.

— Nina mabinti wawili. Achari yangu sitii rangi ya dukani. Napenda baridi.

— La pili! Jaji na Redio wakasema kwa pamoja.

— La pili nini?

— La uongo ni la pili. Rangi.

— La uongo ni baridi! Nani anapenda baridi?

— Kumbe hutii rangi? Redio akashangaa. Na ule wekundu?

— Bitiruti! Ni bitiruti! Miaka yote hii mnakula achari yangu mkidhani nawalisha rangi?

— Tulikuwa tunaipenda hivyohivyo, Jaji akamtuliza.

Lakini Abu Raad alikuwa ameumia. Alikaa ameinamisha kichwa anaviangalia viatu vyake vipya, vyeusi, vinameta, ngozi bado inalia kila akikunja kidole. Nilimwonea huruma. Mtu mwenye sauti ya kuuza pipa zima la achari kabla ya Adhuhuri, kaja kwetu kutafuta maneno ya dakika tano, nasi tunamwita mwongo.

— Sema wa tatu, nikamwambia. Na nyie wawili, atakayeleta ubishi nampeleka huko ndani akae na majiko mabovu.

— Wa tatu ndio mwepesi, akasema kwa sauti ndogo. Kila mtu anamsifu aliye kuliani kwake. Kitu kimoja tu.

Sasa mimi nadhani yule binti alikusudia tabia. Mtu mpole, mtu mkarimu, kitu kama hicho. Lakini Redio alisema Jaji ameshakiri mwenyewe, hana tena tabia ya kusifiwa, kwa hiyo tusifu vitu. Tukakubali. Hapo ndipo tulipokosea.

Akaanza Redio. Kuliani kwake Abu Raad.

— Mimi nasifu viatu vya Abu Raad. Mashallah. Viatu vya waziri.

Abu Raad hakungoja apumue.

— Vimekuja kwako.

— Ah, vimebaki kwa mwenyewe, vikupendeze.

— Wallahi utavichukua.

Na akainama akaanza kufungua kamba.

Kwetu hapa kitu chako kikisifiwa ni lazima useme kimekuja kwako. Aliyesifu anakataa, mwenye kitu anakazana, aliyesifu anakataa zaidi, na wote wawili wanajua pa kuishia. Lakini Abu Raad alikuwa na hofu ya kesho, na hofu ilikuwa imemsahaulisha pa kuishia. Alishaapa. Redio akajikuta ana viatu mapajani, na Abu Raad ana soksi, moja imetoboka, kidole gumba kimechungulia kuangalia hali ya hewa.

— Zamu yangu, akasema Abu Raad, uso umemchangamka kidogo. Mimi nasifu joho la Jaji.

Jaji akageuka rangi.

— Lime... limekuja kwako.

Akavua mkono mmoja, polepole, kumpa mwenzake nafasi ya kukataa. Akavua wa pili, polepole zaidi. Abu Raad akalipokea.

— Mungu akuzidishie, akasema, na akalivaa.

— Alitakiwa akatae! Jaji akaninong'oneza, meno yanagongana. Kibiriti, alitakiwa akatae!

— Sifu, uendelee.

Kuliani kwake nilikuwa mimi. Jaji akanitazama, anatetemeka na shati lake, na nikaona kabisa kwamba anatafuta wa kuumia naye.

— Mimi nasifu koleo la Kibiriti.

— Jaji, usithubutu.

— Nimeshasifu. Sijaona koleo kama hilo toka nizaliwe.

Koleo lile mpini wake umeshika umbo la mkono wangu. Nisipokuwa nalo sijui hata nikae vipi. Lakini mimi si mtu wa kusema nusu. Nikalitoa mfukoni nikampiga nalo kifuani.

— Limekuja kwako. Haya, litafune.

Na sasa ilikuwa zamu yangu kwa Redio. Nikamtazama juu hadi chini. Viatu vilivyokuwa mapajani si vyake. Koti lake hata mbwa angelilalia kwa kulazimishwa. Kilichokuwa kinameta kwa Redio ni kimoja tu, na hasira za koleo zilikuwa bado zimenipanda.

— Redio, nikasema. Meno yako mazuri sana.

Hata Jaji alinitazama kama nimevuka mpaka. Redio angeweza kucheka, na sote tungecheka, mambo yakaisha. Lakini alishaona mwenzake kavua viatu, mwingine kavua joho kwenye baridi ile. Na yeye ni mwanamume. Akageukia ukutani, akatia mkono mdomoni, akageuka tena na mashavu yameingia ndani. Akakunja leso, akaniwekea mapajani.

— Yamefuja fwako.

Tangu mji huu ujengwe hakuna aliyewahi kumnyamazisha Redio. Nilidhani nitafurahi.

— Imekuwaje? akasema Abu Raad, kama aliyeamka usingizini. Akaitazama miguu yake. — Na kesho mimi nitavaa nini?

— Jepesi, akasema Jaji, amekumbatia koleo langu kana kwamba litampasha joto. Wewe visifu viatu, Redio atasema vimekuja kwako.

— Nisifu nilichotoa? Si sawa na kuomba nirudishiwe! Bora niende pekupeku.

Redio akamsukumia viatu. Abu Raad akaapa havigusi. Redio akamsukumia Jaji. Jaji akasema yeye hana ugomvi na mtu, akavisukuma mbele. Basi viatu vikabaki chini, katikati yetu, pua zimeelekea barabarani, kama ndani yake amesimama mtu tusiyemwona anasubiri basi.

Ndipo ikasikika salamu. Mzee mmoja, mrefu, kilemba cha madoa mekundu, fimbo mkononi, na matamshi yake si ya hapa kwetu. Tukamjibu, tukamkaribisha. Akataka kupita aje kwenye benchi, akakuta viatu.

— Viatu hivi ni vya nani?

Swali la mtoto mdogo. Tukatazamana.

— Vya Redio, akasema Jaji.

Redio akatikisa kichwa kwa nguvu, akamnyooshea kidole Jaji.

— Si vyangu mimi, akasema Jaji. Mimi nimevisukuma tu.

Mgeni akatazama miguuni petu sote, mmoja mmoja, akafika kwenye kidole gumba cha Abu Raad.

— Vyako?

— Vilikuwa vyangu.

— Umeviuza?

— Vimesifiwa.

Mzee akavisogeza kwa fimbo, taratibu, kama anayemwomba njia mtu aliyevivaa, Redio akampisha, akaja akakaa kando ya Abu Raad. Nikammiminia kahawa. Akaipokea, akaiweka chini mbele yake, hakunywa. Nikajua huyu amekuja na shughuli. Mtu asiyegusa kahawa yako ana ombi au ana ugomvi, na hainywi mpaka ajibiwe.

— Natafuta habari za mtu, akasema. Abu Raad, muuza achari. Mnamjua?

Nilihisi benchi zima limeganda. Abu Raad alijikunyata ndani ya joho mpaka yakabaki macho.

— Tunamjua, nikasema.

— Ni mtu wa namna gani?

Siku nyingine yoyote Redio angemjibu mpaka Magharibi, na angemuongezea habari za ukoo mzima na bei ya siki. Sasa alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Jaji akajikohoza.

— Abu Raad ni mtu...

Akakwama. Akaniinamia sikioni.

— Kibiriti, tukimsifu lazima tumtoe.

— Tumtoe kwa nani?

— Kwa huyu mzee! Sheria ya mchezo!

— Jaji, umeshikwa na homa.

— Joho langu limekwenda hivihivi!

Na mimi? Mimi ambaye sijawahi kumficha mtu neno, nilikaa kama nimemeza utambi. Nikisema ni mtu mzuri, mzee atageuka aone mzuri mwenyewe amekaa na soksi imetoboka. Nikikaa kimya, ndiyo yaleyale ya wiki jana. Mikononi mwangu nina meno ya mtu.

— Mbona hamsemi? akauliza mzee. Nimetoka Karak tangu alfajiri. Ndugu yangu alikuja kwa huyo mtu wiki iliyopita, akarudi akaniambia ile ni nyumba isiyo na maneno. Kesho mimi ndiye ninayetakiwa kuzungumza. Na siingii nyumba nisiyoijua. Nikasema, nitatangulia niwaulize majirani. Kumbe na majirani nao wamekatwa ndimi! Mji huu una nini?

Akashika fimbo. Akaweka mkono gotini ainuke. Kahawa yake iko palepale chini. Nikamwona Abu Raad anafumba macho kama mtu anayesubiri sindano, na nikamfikiria yule binti aliyekaa akachagua michezo mitatu, mepesi, isiyomuudhi mtu. Hasira zikanipanda.

— Kaa chini, mzee wangu! Abu Raad ndiye huyo ubavuni pako! Mwenye kidole! Joho alilovaa si lake. Viatu vile ni vyake na si vyake. Meno ya huyu ninayo mimi. Koleo langu analo yule, ambaye pia ni mwizi wa kete. Tulikuwa tunamtafutia mchezo wa kuwachangamsha nyinyi kesho, na umetufikisha hapa. Sasa muulize mwenyewe, umwache mtu wa watu!

Mzee akakaa. Akageuka polepole.

— Wewe ndiye Abu Raad.

— Ndiye.

— Baridi hii, ukavua viatu.

— Alivisifu.

— Watu husema kimekuja kwako, halafu wanakishikilia kwa mikono miwili.

— Najua. Leo nilisahau kushikilia.

— Na wiki jana kwa nini ulinyamaza?

Abu Raad akatazama viganja vyake vyenye siki.

— Niliogopa. Kijana wenu alinipendeza tangu alipoingia. Nikasema moyoni, nikitoa neno bovu nitamharibia mwanangu. Basi sikutoa neno.

Mzee akailaza fimbo magotini.

— Ndugu yangu alikuwa na maneno, akasema. Alijizoeza garini kutoka Karak mpaka hapa, mkewe anamsahihisha. Alipokaa sebuleni kwako yote yakamtoka kichwani. Ananiambia aliliangalia jiko tu.

— Jiko zuri lile, nikasema. Hakuna aliyenijali.

— Kwa hiyo nyote wawili mliogopa, akasema mzee.

— Sote wawili, akasema Abu Raad.

Kicheko cha yule mzee kilianzia mabegani. Tuliona mabega yanaruka kabla sauti haijatoka, na ilipotoka yule mwanamke wa ghorofani alifungua tena dirisha. Alicheka akikitazama kidole gumba, akacheka akiitazama leso iliyo mapajani mwangu, akapangusa macho kwa ncha ya kilemba.

— Basi mchezo huu huu tucheze kesho!

— Hapana! tukasema wote.

— Fatu wa Farak wote! Redio akapiga kelele bila meno. Wakififu! Zulia lifakwenda! Fazia lifakwenda!

— Na Abu Raad naye atasifu gari lao, Jaji akaongeza. Watarudi Karak kwa miguu, na mama wa kijana mbele!

— Sikilizeni, akasema mzee, ameinua mkono. Mimi kesho nitasifu mmoja tu.

Hakuna aliyeuliza nani. Abu Raad akajiweka sawa ndani ya joho la mtu, akakaa wima, na sauti iliyomtoka ilikuwa ileile ya sokoni.

— Huyo si wa kwangu kumtoa, mzee wangu. Huyo ana mdomo wake.

— Na mdomo wake umesemaje?

— Umesema ndiyo. Umesikika mpaka uani.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akainama, akaokota kikombe chake. Kahawa ilikuwa imeshapoa. Akainywa yote, mara moja, hakubakisha. Jaji akamshika Redio mkono. Mimi nilikuwa najifanya naangalia jiko moja bovu.

Mzee akakigeuza kikombe, akalamba midomo, macho yake yakatua kwenye birika langu la shaba, nililoachiwa na marehemu mama.

— Wallahi, akasema, kahawa hii, na birika lile...

Sote wanne tulimrukia. Redio aliyefika wa kwanza ndiye aliyemziba mdomo.